Jenereta Juu ya Turubai

Tangu nitoke jeshini, kila niliyemwomba kazi alinionyesha lango. Sisemi kwamba walinifukuza. Walinionyesha lango ili nililinde.

Mimi nilikuwa fundi wa mitambo mizito. Utumishi wangu karibu wote niliumaliza chini ya greda na buldoza, grisi hadi kwenye kope, na bunduki niliishika pale tu ilipolazimu, siku za shabaha, ambapo mwalimu wetu alikuwa akiwasogeza wenzangu mbali kidogo kabla sijafyatua. Lakini ukitamka mbele ya watu wa Nairobi kwamba umetoka jeshini, hakuna anayefikiria spana. Wanafikiria kofia, rungu na kile kibanda cha mabati ambacho mlinzi hupikia chai. Nilifika mahali nikawa nalitaja jeshi kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

Katikati ya jiji niliitwa mahojiano mara moja, kwenye jengo refu la vioo lililokuwa likitafuta mtu wa matengenezo. Nilivaa suti niliyofungia ndoa, ambayo siku hizi inanifungia pumzi. Aliyenihoji alikuwa mama mmoja mpole wa ofisi ya wafanyakazi, na alinikaribisha vizuri.

"Huko army ulikuwa unafanya nini hasa?" aliniuliza.

"Greda, buldoza, ekskaveta. Majenereta pia, na pampu za maji."

"Na lifti?"

"Lifti hatukuwa nazo, madam. Tulikuwa tunapanda kwa miguu."

Hakucheka, nikajua mambo yameharibika. Akaniambia kwamba kwa matengenezo wanataka mtu ambaye ashafanya kazi kwa building. "Lakini mimi naona uko na discipline," akasema, na uso ukamchangamka. "Tuko na nafasi kwa security. Unaeza anza Monday."

"Asante, madam. Lakini mimi ni fundi."

"Ni sawa tu. Hata gate yetu iko na mota."

Nilitoka pale nimekasirika kiasi kwamba nilitembea kwa miguu hadi Ngara, kwenye kibanda cha mke wangu. Anauza mapazia. Ana marobota yake ya kitambaa, cherehani moja, na ulimi unaojua wateja wanataka kusikia nini. Nilitaka anisikitikie. Alinisikiliza huku akipima pazia la mtu, kisha akaniuliza kwa nini nimelikataa lango.

"Mimi si wa lango," nikamwambia.

"Wewe ni wa wapi basi? Wa jikoni kwangu?"

Hapo alinipata. Tunakaa mtaa wa Satellite, nyumba ya vyumba viwili, na tangu nistaafu nilikuwa nimeligeuza jiko lake kambi. Sufuria nilizipanga kwa ukubwa, mikono yote ikielekea dirishani. Vijiko nilivihesabu kila asubuhi, na kikikosekana kimoja nilikuwa nikiuliza nani alikitumia mwisho, ilhali tulikuwa wawili tu. Kwangu huo ulikuwa msaada. Kwake ilikuwa ni kuishi na afande asiyepewa uhamisho. Alitaka nitoke nyumbani, na hakujali kama nitatoka kama fundi au kama mlinzi. Mimi nilijali. Kila nilipojaribu kuiwazia ile kofia ya mlinzi kichwani mwangu, nilihisi kwamba maisha yangu yote ya kazi yanafutwa kwa kitambaa kibichi. Niliogopa, na kwa kuwa sikujua kuogopa, nilihesabu vijiko.

Basi yeye akaamua kunitafutia kazi mwenyewe. Kitambaa chake hukinunua jumla kwa mzee mmoja kutoka pwani, mfanyabiashara mwenye duka mjini, ambaye pia ana nyumba ya kupangisha ya ghorofa kule mtaa wa Mountain View na yeye mwenyewe anakaa humo na familia yake, ghorofa ya juu. Jioni moja mke wangu akaniambia kwamba mzee anahitaji mtu, niende Jumamosi asubuhi. Sikuuliza mtu wa nini. Nilibeba sanduku langu la spana na turubai.

Mzee alinipokea chini ya nyumba, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi. Alinisalimu kwa heshima zote za kwao, akaniuliza hali ya nyumbani, hali ya watoto walio shule za bweni, hali ya mvua huko kwetu Ukambani. Kisha akanyoosha mkono.

"Karibu, afande. Lango lenyewe ndilo hilo."

Nilimtazama yule mzee, nikalitazama lango, nikamkumbuka mke wangu na ulimi wake. Aliniombea kazi ya ulinzi.

"Mzee, kuna makosa kidogo," nikasema. "Mimi ni fundi wa mitambo."

Aliliangalia sanduku langu. Alikuwa mtu muungwana, hakutaka kunivunjia uso. Akaniambia kwamba basi, kama ni fundi, niiangalie jenereta iliyo nyuma ya nyumba, maana stima za mtaa zilikuwa zimepotea tangu jana yake na jenereta inakohoa tu halafu inazima. Baada ya alasiri alikuwa na wageni wa kuja kumposa binti yake. Ikiwaka, tutazungumza habari ya ufundi. Isipowaka, lango liko palepale, halijakwenda popote.

Jenereta ilikuwa ya dizeli, kubwa kidogo kuliko ng'ombe. Niliiona nikafurahi, nisifiche. Nikatandika turubai langu pembeni, nikaanza.

Hapa lazima nieleze jinsi tulivyofanya kazi kwenye karakana yetu. Mashine ikifunguliwa, kila kipande kinalazwa juu ya turubai kwa mpangilio kilivyotoka, kutoka kushoto kwenda kulia, kimefutwa, kimeangalia upande mmoja. Ukimaliza unasimama mwisho wa turubai. Sajini mkuu anapita akiwa ameweka mikono nyuma, anainama hapa, anaokota pale, ananusa, na akiridhika anasema neno moja tu: "Funga." Kabla hajasema, hurudishi hata bolti. Tulifanya hivyo ikinyesha, tukafanya hivyo jangwani, upepo ukitumwagia mchanga juu ya nozeli tulizosafisha. Nimelisikia neno hilo mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu.

Kipande cha kwanza kutoka kilikuwa chujio la dizeli, na lilikuwa limeziba kama pua ya mtoto. Ugonjwa ulikuwa huo. Raia angebadilisha chujio, akatoa hewa kwenye mipira ya mafuta, akawasha, akanawa mikono. Mimi nililifuta chujio kwa nje, nikalilaza juu ya turubai, nikaendelea. Nikatoa mipira, pampu, nozeli, rejeta, feni na mkanda wake, alternata, betri. Kichwa cha injini ndicho pekee nilichokiacha, na hicho nacho kiliponea kwa kuwa sikuwa na gasketi mpya. Nilifanya kazi safi mno. Kisha nikasimama mwisho wa turubai, mikono ubavuni, nikangoja.

Nilijua kwamba hakuna anayekuja. Mimi si mwendawazimu. Nilijiambia inama, okota pampu, rudisha. Mikono ilikataa. Wapangaji walipita na mitungi ya maji, mama mmoja akasimama akauliza bei ya ile feni. Nilimwambia haiuzwi. Mwingine akafuata akauliza kama nina plagi za pikipiki.

Mzee aliposhuka kuona mambo yanaendaje, aliukuta uwanja wake umegeuka soko la vyuma chakavu na mimi nimesimama wima kama nguzo ya stima, yenye manufaa kiasi kilekile siku hiyo.

"Ala, bwana fundi. Mbona umeitandaza jenereta yangu kama nguo za mitumba?"

"Inangoja ukaguzi, mzee."

"Ukaguzi wa nani?"

Nilibana visigino pamoja. Mzee hakupaza sauti. Alizunguka turubai mara moja, kwa mbali, akainua kanzu isiguse grisi, kisha akatoa simu na kumpigia mke wangu. Nilimsikia akimwambia kwa upole, "Mama, njoo umtazame mumeo. Hajambo, lakini njoo."

Mke wangu alifunga kibanda siku ya Jumamosi, siku ya wateja, akaja. Nilimwona akiingia langoni na mkoba kwapani, na kwa jinsi alivyotembea nilijua kwamba maneno ameshayapanga. Alisimama mwanzo wa turubai. Akaangalia vile vyuma, akaniangalia mimi. Akainama akaokota kipande cha kwanza.

"Hii ni nini?"

"Chujio la dizeli. Hiyo ndiyo iliyoharibika."

"Ulijua saa ngapi?"

"Mwanzo kabisa."

"Na hizi zingine zote ulizitoa za nini?"

"Lazima zikaguliwe."

Nilitegemea acheke, au anitukane kwa Kikamba, lugha anayoitumia kwa mambo mazito. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinitazama usoni, na sijui aliona nini, maana mimi nilikuwa nikitazama mbele kama tulivyofunzwa. Kisha akaliweka chujio mahali pake palepale, akamkabidhi mzee mkoba wake amshikie, akaweka mikono nyuma.

Alipita polepole. Aliinama kwenye nozeli, akasogea. Aliokota mkanda wa feni, akauvuta, akaurudisha, nao aliurudisha vibaya, nikanyamaza. Kwenye alternata alipitisha kidole na kukiangalia, vilevile anavyofanya juu ya kabati la nyumbani, na nikamshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimeifuta. Nyuma yake mzee alifuata na mkoba wa kike mkononi na tasbihi kwenye mkono wa pili, akiinama kila alipoinama yeye. Walipofika mwisho, mke wangu akasimama mbele yangu.

"Sasa huwa wanasemaje?" akaniuliza taratibu, mzee asisikie.

"Funga."

"Funga," akasema.

Nililia machozi mawili matatu, na kwa kuwa nilikuwa nimeinama kwenye rejeta nadhani yalipita kama jasho. Mikono ilirudi. Mtu wa duka la mzee alitumwa kuleta chujio jipya, na kabla ya adhana ya alasiri nilikuwa nimefunga kila kitu, nimetoa hewa kwenye mipira, nimeitupa bila kuiwasha sigara niliyokuwa nimeikusudia kwa sherehe, maana dizeli ilikuwa imenimwagikia. Jenereta ilikohoa mara moja tu, kisha ikashika. Ghorofa ya juu wanawake walipiga vigelegele, ingawa huenda vilikuwa vya posa.

Mzee alifurahi kwelikweli. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mashaallah. Na hakukupotea hata nati moja. Watu wamepita hapa kutwa, vyuma viko chini, na hakuna aliyethubutu kugusa. Nimekuwa na walinzi wengi, sijapata kuona mtu wa kusimama namna ile. Afande, lango ni lako. Anza hata leo."

Mwaka mzima nilikuwa nikitafuta ushahidi kwamba mimi ni fundi, na siku niliyoupata ndiyo niliyodhihirika kuwa mlinzi bora wa Mountain View. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimechoka, na nadhani ningekubali.

"Hapana, mzee," mke wangu akasema. "Lango nilikuomba mimi, na nilikosea. Huyu si soja wa lango. Huyu ni fundi."

"Lakini mama, jenereta huharibika mara ngapi kwa mwaka? Lango ni kila siku."

"Ikiharibika utamwita. Tafadhali, mzee, mkoba wangu."

Tukaondoka kabla ya wageni kuingia. Kazi hatukuwa nayo. Nilitegemea kwamba tukifika Satellite nitasomewa makosa yangu, lakini alipika, tukala, akalala.

Jumatatu jioni alirudi kutoka Ngara amebebewa kitu kizito na mtu wa mkokoteni. Ilikuwa cherehani yake. Akaiweka mezani, akasema inaruka nyuzi, na kwamba imekuwa ikiruka nyuzi miaka mingi, na kila mara huipeleka kwa fundi mmoja nyuma ya soko.

"Fundi gani?" nikauliza.

"Fundi tu."

"Na mimi niko hapa?"

"Nilikuwa najua wewe ni mwanajeshi," akasema, na hakunitazama.

Iliniuma kuliko lile jengo la vioo. Wao walinijua kwa robo saa. Huyu aliolewa nami, alifua ovaroli zangu kila nilipokuja likizo, akasugua grisi ile kwa mawe, na bado cherehani ilikwenda nyuma ya soko. Nilitaka kusema jambo kubwa. Badala yake nilitandika turubai sebuleni, nikaifungua cherehani yake yote, kuanzia sindano, nikakilaza kila kipande kushoto kwenda kulia, nikasimama mwisho.

Alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye leso. Akaiweka mikono nyuma, akapita polepole, akafika mwisho, akarudi mwanzo akaanza upya. Nilingoja.

"Funga," akasema. "Na kesho usiguse sufuria zangu."