Kipima Hewa Juu ya Meko

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kipima hewa kilikuja nyumbani kwetu Mapera wakati ule wa soko huria, vitu vya nje vilipoanza kumwagika madukani, na hakuna aliyepona. Baba mdogo alikileta kutoka Dar es Salaam. Kilikuwa vipande viwili: kioo cha kusomea, ambacho baba alikitundika sebuleni mahali palipokuwa na picha ya ndoa yao, na kidude cheupe cha betri kilichotakiwa kukaa nje kivulini, kipime joto na unyevu, kisha kipeleke habari kwenye kioo bila waya.

Baba aliogopa wezi. Kwetu cha thamani hakiachwi nje; mbegu za mahindi hutundikwa jikoni juu ya meko, moshi uzilinde na wadudu, na mgeni hafiki huko. Basi akakifunga kidude katikati ya mahindi. Jiko lilikuwa kibanda peke yake uani, kwa hiyo akasema huko nako ni nje. Tangu hapo kioo kikasema hewa ni kavu, asubuhi kavu, jioni kavu, na baba akawa anazunguka kwa majirani akiwatangazia hali ya hewa kama waziri.

Mwaka huo nilikuwa nimepata nafasi katika shule ya wasichana huko chini ziwani. Ada ilikuwa itoke kwenye kahawa ya mwisho, iliyokuwa bado inakauka vichanjani. Karibu yote aliichuma mama, lakini kahawa ni mali ya mwanamume, na kuifunika au kuifunua ni kwa amri yake.

Alasiri moja wingu jeusi likapanda kutoka upande wa ziwa. Mama akashika nailoni.

"Baba, tufunike. Wingu lile si la mchezo."

Baba akaingia sebuleni, akasoma, akatoka. "Kavu. Ukiifunika ikaoza kwa joto, utailipa wewe?"

Mama akaiweka nailoni chini. Nilimchukia baba kwa kusema vile, na mama nikamchukia kwa kutii. Mvua ikashuka kwa hasira. Kahawa ikalowa yote, nyingine ikasombwa mtaroni. Baba alisimama sebuleni akikigonga kioo kwa kidole, bati likinguruma juu yake, na kioo kikisema kavu.

Mwishowe akakimbilia jikoni, akapapasa kidude. Kilikuwa cha moto, cheusi kwa masizi. Akatazama meko, akamtazama mama aliyelowa chapachapa.

"Kumbe moto wako ndio umeniponza."

Chungu kilichokuwa mekoni kilikuwa cha maharage yake.

Enzi za ushirika labda mtu angebembeleza. Mnunuzi binafsi alinusa kahawa kiganjani, akapangusa mkono kwenye suruali, akawasha gari. Nafasi yangu akapewa mwingine.

Kidude hakikuhamishwa; kilichohamishwa ni moto. Msimu wote wa mvua mama alipika uani, amejifunika gunia kichwani, nami nimeshika ungo juu ya mafiga wakati wenzangu wameshika vitabu. Baba alikuwa akichungulia mlangoni, ametoka kusoma kioo chake.

"Leo unyevu ni mwingi," alisema, ameridhika kabisa. "Sasa kinasema kweli."