Kucha Zangu Kwenye Bariere ya Luberizi

Mkitaka kucheka chekeni kidogo tu, maana aibu hii ilinikuta siku ya msiba wa mama yangu, mbele ya lori zima la watu, na iliyoniumbua ni mikono yangu mwenyewe.

Kucha zangu wakati ule zilikuwa zinasemwa Kilibula nzima, mtaa wa mjini nilikokaa: ndefu, ngumu, zinang'aa, na wala si kwa rangi. Mama ndiye aliyenifundisha, jioni pakaa mafuta ya mawese ya vuguvugu mpaka kwenye mzizi wa ukucha, usifungue kopo kwa kucha, ukifua usiziache zikilowa mchana kutwa. Yeye mwenyewe hakuwa na kucha za kutazama, alilima mpunga Luberizi maisha yake yote na matope yalikuwa yamezila mpaka karibu na nyama. "Zangu zimeisha mu mupunga," aliniambia, "zako zibakie." Ndiyo maana alinituma kwa shangazi yangu mjini nijifunze kushona, na kila nikienda kumsalimia lazima anikamate mkono awaonyeshe majirani (mimi naona haya, lakini vidole navitanua vizuri waone).

Habari ya kifo chake ilinifikia asubuhi, vita imekatakata barabara yote ya bonde la Ruzizi, kila kipande na wenye bunduki wake na bariere yao, kizuizi cha kukagua wapitao. Walisema atazikwa siku ileile, maana nani angekaa matanga risasi zinalia? Nikapanda lori nikiomba kitu kimoja tu, nimkute hajafukiwa. Njiani mama mmoja aliyekaa juu ya magunia karibu yangu akaninong'oneza: "Binti, bariere ya mbele banarudisha batu ba mu muji. Weye sema uko mulimaji, mupunga umeiva, balimaji banapita." Nami, mjinga wa kuzaliwa, nikalishika neno lake.

Tukashushwa. Askari akaniuliza naenda wapi.

"Miye niko mulimaji, afande. Naenda kuvuna mupunga."

"Leta mikono."

Jamani, mikono! Nikakunja ngumi, akakunjua kidole kimoja kimoja, jua likapiga zile kucha, akaita wenzake. "Mukuje muone mulimaji!" Watu wa lori wakacheka, hata yule mama wa magunia akacheka, tena yeye kuliko wote. Ndipo nikasema ukweli, kwamba mama yangu amekufa na naenda kuzika, lakini nilishachelewa.

"Sasa hivi ulikuwa mulimaji, sasa uko mufiwa," askari akasema. "Ukifika kule utakuwa nani?"

Akanipa mundu, akanionyesha shamba kando ya barabara ambalo mwenye nalo alishakimbia vita. "Vuna tuone." Nikaingia kwenye matope na viatu vyangu vya msiba, michikichi ya kwetu naiona kule mbele, karibu kabisa, na nyuma yangu kicheko kimegeuka manung'uniko, shofere anapiga honi, watu wanapiga kelele, "Dada, unatuchelewesha!" Mwishowe akawasha akaondoka nao. Nikashika mabua kama mtu anayeshika kitambaa cha kukata, nikavuta mundu, ukakata kucha mbili tatu na kupasua ule wa dole gumba mpaka katikati. Damu ikamwagikia mpunga. Nikakaa chini palepale kwenye maji nikalia, nikimwita mama kwa sauti kama mtoto mdogo, wala sikuona haya tena.

Askari akaja mpaka kwenye matope. Halafu akauliza polepole, "Kweli alikufa?"

"Kweli."

"Sasa kwa nini hukusema? Batu ba mazishi tunabapitisha tangu asubuhi."

Nikamwachia mundu wake. Nikakimbia.

Nilikuta wanaume wanashindilia udongo kwa majembe. Uso wake sikuuona. Mama mudogo, mdogo wake aliyemfuata ziwa, akanikumbatia, kisha akanishika mikono, na majirani wakasogea, maana mkono huu walizoea kuonyeshwa. Nikataka kuificha ndani ya kitenge, akakataa kuiachia. Akatazama matope yaliyojaa chini ya kucha, zile zilizokatika, dole gumba linalovuja.

"Ee, Neema," akasema. "Leo mikono iko kama ya mama yako."

Hapo nililia tena, kushinda kule matopeni.

Kucha zimeota tena, ila ule wa dole gumba una mfereji katikati ambao hauzibiki. Nazipaka mawese kila jioni, ndiyo kazi aliyoniachia. Lakini bariere yoyote nitakayoikuta duniani, iwe na bunduki au isiwe nayo, akiniuliza mtu naenda wapi, namwambia ninakoenda, na kwa nani.