Kifuko cha mchanga mguuni mwa mbwa

Jirani yangu bado namtakia mabaya, na hapa sitajifanya mwema.

Mbwa wetu aligongwa na pikipiki kwenye barabara ya Gihundwe. Mfupa uliunga, lakini mguu wa nyuma aliukunja tumboni, akawa anarukaruka kwa mitatu. Paja likakauka kama ufito. Mume wangu anafanya kazi Bukavu, anarudi Jumamosi. Alimtazama, akasema, "Mwezi ukiisha hajakanyaga, namuua. Silishi kilema." Namjua. Angemuua kwa jembe, mtoto akiangalia.

Nikaenda Giheke kwa daktari wa mifugo, mtu aliyezoea ng'ombe. Akasema mguu umesahau kazi, uzito kidogo utaukumbusha. Nishone kifuko, nitie mchanga usiozidi uzito wa yai, nikifunge juu kidogo ya kisigino, kisibane. Nimtembeze polepole mahali tambarare, dakika tano asubuhi, tano jioni. Akichoka, nifungue.

"Usiongeze mchanga kwa sababu ya hasira, maman," akasema. Alishanijua.

Nilikata mguu wa suruali ya mtoto nikashona. Siku za kwanza mbwa alikitikisa kile kifuko kama aliyekanyaga kaa la moto. Lakini ili akitikise ilibidi aunyooshe mguu, na hicho ndicho tulichotaka. Siku ya sita kucha ziligusa udongo.

Nilichosahau ni desturi yetu. Mbwa akizoea kula kuku, mwenyewe humfunga gogo shingoni au jiwe mguuni asiweze kukimbia. Ukimwona mbwa na mzigo, huulizi. Unajua ni mwizi.

Jirani alikuwa amepoteza kuku watatu. Akanikuta njiani, mtoto mgongoni, kamba ya mbwa mkononi.

"Kumbe munajua ni mwizi," akasema.

"Ni dawa ya muguu, papa."

"Dawa? Imbwa ya kuiba njo banafungaka ivyo. Kesho utaniambia iko na carte ya hospitali."

"Uliza kwanza paka yako habari ya kuku."

Waliosikia wakacheka, na walimcheka yeye. Ningenyamaza tu.

Kesho yake nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba nikasikia mbwa analia. Nilikuwa nimemfunga kwenye mpapai, hana pa kukimbilia, na jirani alikuwa anamchapa kwa chuma kwenye mguu ule ule wa kifuko. Mdomo wa mbwa ulijaa damu. Alikuwa amejiuma ulimi. Nilikuja na mchi nikampiga mkononi. Nilisikia mfupa. Alipoanguka nikampiga tena, begani. Pigo la kwanza lilimwokoa mbwa. La pili nililitaka mwenyewe.

Mbele ya mkuu wa mudugudu, yaani kijiji chetu, jirani, mkono umefungwa kitambaa, aliniita muuaji. Mkuu akaniuliza, "Kama haikuiba, uliifungia nini?" Nikaeleza. Hakuniamini mpaka daktari alipoeleza kwa simu, maneno yale yale. Tukaambiwa tuombane msamaha. Jirani aliomba. Mimi nilisema nimesikia.

Mfupa wa mbwa haukuvunjika, lakini daktari alisema nianze upya, kifuko kitupu, kisha mchanga kijiko kimoja kimoja. Zilibaki siku kumi na moja. Nilimtembeza kila siku mbele ya mlango wa jirani, kwa sababu pale ndipo palipo tambarare, na kwa sababu nilitaka.

Jumamosi ya mwisho mume wangu aliketi uani. "Mufungue, nione."

Nikafungua kifuko, nikamwita mbwa. Alikanyaga hatua nne, akakunja mguu, akakanyaga tena.

"Anachechemea," akasema.

"Ulisema akanyage. Kuchechemea hukukutaja."

Alinitazama. Habari za mkono wa jirani zilikuwa zimeshamfikia hukohuko Bukavu. Akaomba chakula.