Mnyororo wa Nne

Ndolo wa Kalamba alikuwa fundi wa kufunga mizigo. Alianza na marobota ya mkonge, na kufikia mwaka 1978 alikuwa akifunga matingatinga kwenye trela za kampuni moja ya kutengeneza barabara. Madereva walimpenda kwa kuwa hakuwa na haraka. Tingatinga likishapanda, aliliteremsha bamba la mbele likalala juu ya mbao, akapigilia kabari, kisha akalifunga kwa minyororo minne, mmoja kila pembe: miwili ikilivuta mbele, miwili nyuma. Mwishowe alizunguka akiigonga kwa nyundo na kusikiliza. Mnyororo uliokaza hulia. Uliolegea hausemi kitu.

Dereva aliyesafiri naye sana ni Mathenge, aliyetoka Nyeri akahamia Sultan Hamud na mkewe Wariara. Hakuwasha injini kabla Ndolo hajaweka nyundo chini.

Asubuhi moja ya Agosti walitakiwa kutoa tingatinga Kathonzweni kulipeleka Tseikuru. Mnyororo mmoja ulikuwa umechukuliwa na trela nyingine. Ndolo akamwomba nyapara, Kilonzo, wausubiri mpaka kesho. Kilonzo akajibu kwamba injinia anangoja, na kwamba minyororo mitatu ilibeba mizigo tangu Ndolo hajaandikwa kazi. Ndolo akamtazama Mathenge. Mathenge akapanda garini kimya. Basi Ndolo akafunga mitatu, na pembe moja ya nyuma akaifunga kamba ya katani ili isionekane tupu, akijua haishiki kitu.

Yeye na Kilonzo walifuata na pikapu. Walipopita Mwingi, kwenye mteremko wa kuingia mto mkavu, ng'ombe walikatiza barabara na Mathenge akakanyaga breki. Ndolo aliuona ule mnyororo wa nyuma uliobaki ukikatika. Tingatinga likateleza mbele, likaibonda kabini ya dereva. Walimtoa Mathenge kwa mitaimbo. Hospitalini mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Wiki hiyo hiyo Kilonzo alileta karatasi. Ilisema minyororo ilikuwa minne na dereva alikuwa akikimbiza gari. Ndolo alifikiria shamba lililokauka na watoto watatu, mkubwa wao Mutindi, akatia sahihi. Kwa karatasi hiyo Mathenge akaachishwa kazi. Mumbua, mke wa Ndolo, alipouliza, aliambiwa mambo yamekwisha. Lakini mumewe alianza kuacha chakula nusu, na kanisani wenzake waliposimama kutoa ushuhuda, yeye alitazama sakafu.

Miezi saba ilipita ndipo alipokwenda Sultan Hamud. Wariara alimkaribisha chai. Hakuigusa. Alimweleza Mathenge yote, kuanzia kamba hadi sahihi.

"Nilihesabu mitatu kabla sijapanda," Mathenge akasema. "Hata kamba yako niliiona. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kazi, kama wewe. Hilo nimeshalimeza. Lakini hiyo karatasi, Ndolo, inawaambia watoto wangu kwamba nilijikata mguu mwenyewe."

Ndolo akaanza kuomba msamaha.

"Uliandika kwa mkono wako," Wariara akamwambia polepole. "Nenda ukafute kwa mkono huo huo, Baba Mutindi. Msamaha tutauzungumza baadaye."

Siku ya pili alikuwa mbele ya afisa wa kazi, akisema yaliyotokea, nayo yakiandikwa. Kilonzo alikana. Hata hivyo aliyekuwa amechukua ule mnyororo aliitwa, akakubali kwamba siku ile ulikuwa kwenye trela yake. Kampuni ikaandika barua nyingine, ya kusema dereva hakuwa na kosa. Wariara aliisoma mara mbili, akaiweka ndani ya Biblia. Ndolo aliachishwa kazi kabla ya mwezi kwisha, na hakufunga tena tingatinga maishani.

Alirudi Kalamba kulima kunde na mbaazi. Mumbua alisema kwamba sasa mumewe anamaliza chakula chake, ingawa bado kuna siku anakaa uani bila kuongea na mtu. Mathenge alipata kazi ya kukaa langoni kwenye ghala la mahindi. Msamaha ule Wariara aliousema haukuwahi kuzungumzwa. Wanaume hao wawili walipokutana sokoni Emali walishikana mikono, wakaulizana habari za mvua, kisha kila mmoja akaendelea na shughuli zake.