Mahame ya Kilimani

Mwaka wangu wa pili Nairobi nilianza kupiga picha nyumba zilizohamwa. Kilimani zilikuwa hazijaisha: nyumba za zamani za vigae, bustani zimegeuka vichaka, zinasubiri kubomolewa ili lipande ghorofa. Kwetu Tanga mahali kama hapo tunapaita mahame. Wenzangu ofisini neno hilo hawakulijua. Walinitania kwamba nimevuka mpaka mzima kuja kutazama nyufa.

Siwezi kusema nilifurahi. Mama alikuwa amefariki, nilikwenda kuzika, nikarudi kazini, na tangu hapo moyo ulikuwa na ganzi kama mguu uliokaliwa. Nyumba yake kule Muheza ilibaki imefungwa. Kaka yangu, ambaye tumebaki naye wawili tu, alikuwa akinipigia kutoka Dodoma: tuiuze au tuitunze? Hakutaka kuamua peke yake. Kila mara nilimjibu, "Nipe muda kidogo, kaka." Kisha nachukua simu hiyo hiyo, natoka kwenda kupiga picha nyumba za watu nisiowajua. Zile hazikuniuliza kitu.

Nilipiga na vioja. Barabara ya Ngong palikuwa na geti limesimama peke yake, ukuta wa kulia na wa kushoto umeshabomolewa, nalo bado limefungwa kwa kufuli. Watu wanapita pembeni. Karibu na Dagoretti Corner niliona kiti cha plastiki kilichovunjika mguu, kimefungwa mnyororo kwenye nguzo ya stima. Sijui mwizi gani angekitamani. Baadhi nilimtumia kaka, naye akawa ananitumia vya kwake anavyokutana navyo njiani, maana alishaujua ugonjwa wangu.

Siku moja, ndani ndani huko Dagoretti, nilikuta nyumba ya mabati iliyoinama, dirisha limezibwa kwa gunia. Nikachuchumaa nitafute mwanga. Mama mmoja akatoka mlangoni na beseni la nguo.

"Sasa wewe, unapiga picha ya nini?"

"Shikamoo mama. Samahani sana, nilidhani ni mahame."

"Ma-nini?"

"Nilidhani hapakai mtu."

"Hapa ni kwangu. Watoto wangu wote nimewalea hapa." Akanitazama, hasira ikampungua. "Kwani wewe ni Mtanzania? Nimejua tu, na hiyo adabu yote. Haya, futa hiyo picha."

Nikafuta. Nilijua kwamba ile ni aibu, lakini haikufika ndani.

Wiki chache baadaye, Jumapili mchana, nimejilaza, kaka akanitumia picha isiyo na neno hata moja. Baraza imemezwa na majani. Bati limeng'oka upande mmoja. Mlango umeanguka, jua linaingia mpaka sebuleni na kuishia juu ya sakafu nyekundu iliyopasuka. Niliipenda. Tangu mazishi sikuwa nimependa kitu namna ile. Nikamwandikia upesi: "Picha safi sana, kaka. Ni wapi hapo?"

Badala ya kuandika, akapiga simu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umeuliza ni wapi?"

"Ndiyo. Hayo mahame."

Nyuma yake nilisikia kuku wakilia.

"Mdogo wangu," akasema, "nimesimama uani kwa mama."

Nikaifungua tena ile picha. Sakafu ile nyekundu ndiyo niliyokuwa nikiipiga deki kila Jumamosi, mama amekaa mlangoni, hataki mtu apite mpaka ikauke. Ganzi ikaachia yote kwa mara moja, ikauma vibaya. Nilitaka kumwambia asubiri, nakuja, tuitunze. Kaka akanitangulia.

"Basi, usijisumbue," kaka akasema kwa upole. "Nilikuwa nasubiri jibu lako tu. Nimeshalipata."