Njia Niliyoinyoosha Mutuini

Kosa langu kubwa kazini nililifanya mwezi wangu wa pili, kwa rula ya chuma na kisu kikali, na nililifanya kwa uangalifu mkubwa. Niliinyoosha njia iliyokuwa imepinda. Naliandika mwanzo kabisa kwa sababu najijua: nikilichelewesha, nitalizungushia maneno mazuri hadi lionekane dogo.

Nina miaka thelathini na mmoja, na mwezi uliopita niliacha kazi. Najua inachekesha mtu wa umri huu kuandika kama mstaafu. Lakini nimekaa kwenye meza ya modeli miaka tisa, macho yamechoka na weupe wa karatasi, na vijana wanaoingia kazini wameanza kuniuliza sisi tulikuwa tukifanyaje. Modeli, kwa asiyejua, ni jengo au mtaa uliotengenezwa kwa udogo, kwa kadibodi, vijiti na gundi, ili watu wauone kabla haujajengwa. Mimi nilitengeneza modeli za wanafunzi wa usanifu majengo: masoko, viwanja vya watoto, kumbi za jamii, bustani za kando ya mto. Karibu zote hazikujengwa kamwe. Zilikuwa za mtihani. Hata hivyo, mtu aliweza kupoteza mwaka mzima wa maisha yake kwa sababu ya kipande cha kadibodi.

Karakana yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, upande wa chini wa River Road, juu ya duka la vitambaa. Mwenye karakana tulimwita Maalim, kwa sababu kila baada ya alasiri alishuka kwenda kufundisha watoto Kurani kwenye madrasa ya jirani. Alikuwa mzee wa Mombasa, seremala wa samani katika ujana wake. Siku yangu ya kwanza nilipanda ngazi zile nikiwa nimekumbatia modeli ya ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga mtaani Satellite, niliyoikata kwa wembe kutoka kwenye katoni za mafuta ya kupikia. Hakuna shule niliyosomea kazi hii. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu na kurudia, kurudia, hadi vidole vikajaa plasta.

Maalim aliigeuza mikononi, akaipima pembe moja baada ya nyingine.

"Nani amekufunza?"

"Nimejifunza mwenyewe, Maalim."

"Yaonekana. Pembe zote ziko sawa, na nyumba haina mlango."

Nilitazama. Kweli, nilikuwa nimesahau mlango. Masikio yalinichemka. Yeye alicheka polepole, akanionyesha ufagio, na baada ya ufagio akanipa kazi ya kukata kontua.

Kontua ni mistari kwenye ramani inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Kila mstari unakuwa tabaka la kadibodi, na ukiyapanga matabaka hayo moja juu ya jingine, kilima kinainuka mezani kama ngazi. Mara nyingi tulitumia skeli ya moja kwa mia mbili, yaani mita moja ya ardhini inakuwa nusu sentimita mezani. Kwenye skeli hiyo kosa la unene wa ukucha ni ukuta mzima. Nilipenda jambo hilo. Nilipima mara tatu kabla ya kukata, na nikishakata nilipima tena. Wanafunzi walisema, "Fundi, kazi yako ni safi sana," nami niliishi kwa neno hilo. Siku wasiposema, nilirudi nyumbani nikihesabu ni wapi nimekosea.

Nanjala alikuja mwezi wangu wa pili. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, mzaliwa wa Bungoma, akiishi kwa shangazi yake kule kwetu Satellite. Mradi wake ulikuwa uwanja wa jamii Mutuini, kwenye mteremko ulio kati ya mashamba madogo ya zamani na nyumba mpya za kupangisha. Juu, kando ya barabara, kuna kioski cha maji. Chini ndiko kwenye nyumba. Alichora kibanda cha wauza mboga, mahali pa kufulia, miti na uwanja wa watoto. Katikati aliiacha njia ambayo watu wenyewe walikuwa wameitengeneza kwa miguu na magurudumu: ilishuka kidogo, ikapinda kulia, ikatembea kando ya mteremko, kisha ikarudi kushoto hadi kwenye lango la chini.

Njia ile ilinitesa. Iliyakata matabaka yangu kimshazari, na kila ilipopita iliacha meno meno ya kadibodi. Niliitengeneza mara mbili, nikaibandua mara mbili. Mara ya tatu, Ijumaa, Maalim akiwa msikitini, niliweka rula kutoka kioskini hadi langoni nikakata ukanda mmoja ulionyooka. Kingo zilitoka safi kama wembe. Nilijiambia kwamba labda mkono wake uliteleza kwenye kompyuta, kwamba hakuna mtu anayekusudia mstari uliolegea vile.

Nanjala alifika kuichukua ikiwa imebaki saa moja kabla ya mtihani wake. Aliitupia jicho. "Aki fundi, imetoka safi," alisema, tukaibeba. Ubao ulikuwa na upana wa mlango. Tulivuka nao katikati ya jiji hadi chuoni, yeye akitembea kinyumenyume.

"Kushoto! Kuna mama wa ndizi nyuma yako!"

"Kushoto yangu ama yako?"

"Yako! Simama, simama tu!"

Tulifika tukicheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akicheka.

Mwanafunzi anapomaliza mradi anausimamia mbele ya jopo, yaani wahadhiri pamoja na wasanifu wanaoalikwa kutoka nje. Fundi anaruhusiwa kubaki nyuma ili kuigeuza modeli ikihitajika. Mwenyekiti wa jopo alikuwa msanifu mwenye mvi, mpole wa sauti. Alimsikiliza Nanjala hadi mwisho, kisha akagusa ukanda wangu kwa kidole.

"Hii ni njia ya nini?"

"Ya watu, sir, na mikokoteni ya maji."

Mwenyekiti akatoa peremende ya mviringo mfukoni, akaiweka penye kioski, akaiachilia. Iliteremka mbio, ikagonga lango, ikaruka nje ya ubao na kupotea chini ya viti. Mtu mmoja alicheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Huyo alikuwa mtu na mitungi yake sita. Sasa yuko wapi?" Alitazama mchoro uliobandikwa. "Ukutani njia inapinda. Mezani haipindi. Tuamini ipi?"

Nanjala aliangalia ukuta, akaangalia meza.

"Nafikiri nilimtumia fundi faili ya zamani, sir. Nilikuwa nazo nyingi. Samahani."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mikono nyuma. Neno moja lingetosha. Nililitafuna, nikalimeza. Jopo lilimpa wiki mbili arudi na mchoro na modeli zinazokubaliana, au arudie mwaka. Shangazi yake alikuwa ameshamwambia kwamba huu ndio mwaka wa mwisho wa kumsaidia.

Jumanne alirudi karakanani na michoro mipya. Njia haikuwepo. Mahali pake palikuwa na ngazi za zege, kutoka juu hadi chini.

"Nimetoa hiyo njia, fundi. Inanichanganya tu. Nikifungua hizo faili zangu sijui gani ni gani. Kama nilikosea kitu ndogo hivyo, pengine hata hiyo kona nilichora vibaya."

"Sawa," nilisema. Niliipokea michoro kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu.

Alipoondoka sikuweza kukata. Maalim aliniona nikiupima ubao uleule mara ya nne, akavuta kigoda akaketi karibu nami. Nilimweleza kila kitu, nikiitazama rula.

"Yeye umemwambia?"

"Bado."

"Basi mimi waniambia ya nini? Njia si yangu."

Nilimuuliza kama atanifukuza. Alipangusa unga wa mbao magotini.

"Hilo ndilo linalokutia hofu? Mwanangu, binti wa watu anaibomoa kazi yake ya mwaka mzima kwa mikono yake mwenyewe, nawe waulizia kiti chako." Aliinuka. "Kesho usije hapa. Nenda naye Mutuini. Umwambie mkiwa mmesimama juu ya ardhi yenyewe. Usimwambie kwa simu."

Nilimwomba Nanjala tukauone mteremko kabla sijakata ngazi, tukaenda. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu ulishika viatu. Nilikusudia kusema mara tu tukifika, lakini mwanamume mmoja alikuwa akianza kushuka na mkokoteni wa mitungi, nasi tukasimama kumpisha. Alikuwa amefunga kipande cha tairi nyuma ya mkokoteni, akikikanyaga ili kupunguza mwendo. Alipofika kwenye kona aliuegemeza ukingoni, akanyoosha vidole kimoja kimoja.

Nanjala akamsalimia. "Baba, tukiweka ngazi hapa, itasaidia?"

"Ngazi? Na mkokoteni niubebe mgongoni kama mtoto?" Alituangalia viatu. "Nyinyi ni wa serikali ya kaunti?"

"Hapana, ni wanafunzi."

"Basi someni vizuri. Hapa kwa kona ndio mikono inapumzika. Ukinyoosha hii, maji itafika nyumbani kabla yangu."

Akaendelea na njia yake, akicheka maneno yake mwenyewe. Nanjala alibaki akiitazama ile kona. "Kumbe nilichora sawa," alisema polepole.

"Ulichora sawa," nikamwambia. "Ni mimi niliinyoosha. Faili uliyonitumia ilikuwa ya mwisho. Niliona inaharibu kingo, nikainyoosha."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

"Na siku ya jopo ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo."

"Ukaniskia nikisema samahani."

"Nilikusikia."

"Nimefungua hizo faili kila siku, fundi. Nimeambia shangazi pengine mimi si wa hii kazi. Na jana nimekuletea ngazi, ukaniambia sawa!" Aligeuka akanipa mgongo. Watoto waliokuwa wakichota maji walituangalia. Kisha akasema, bila kugeuka, "Utaandikia jopo. Kwa jina lako. Leo."

Niliandika barua nikiwa nimeketi kwenye ukingo wa kioski. Mwandiko haukunipendeza, nikairarua, nikaandika nyingine, nikaanza ya tatu. Alininyang'anya ile ya pili, yenye neno lililokatwa katikati, akaikunja akaitia mkobani. "Hii inatosha," alisema.

Wiki ile alikaa kando ya meza yangu akitazama kila nilipoweka kisu. Hatukuzungumza ila vipimo. Njia ikarudi na meno yake yote, na sikuyasugua.

Siku ya jopo la pili Mwenyekiti aliisoma barua akiwa amesimama, akaizunguka modeli, akanitazama. "Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kaa hapo mbele usikie."

Alimuuliza Nanjala kuhusu kona, naye akaeleza: uzito wa mitungi sita, tairi, vidole vya yule mwanamume. Safari hii hakutazama ukuta hata mara moja. Alipita mtihani. Alikwenda kumshukuru Maalim kwa mkono, mimi akaniaga kwa heshima, kama anavyoagwa mtu wa ofisini. Hakuniletea kazi tena, na wenzake wa darasa hawakuniletea pia. Sikuona kwamba wamenionea.

Maalim hakunifukuza. Aliniondoa kwenye visu muhula mzima, akanikalisha na daftari mbele ya kila mwanafunzi aliyepanda ngazi zetu, niandike anachotaka na kwa nini. Niliona ni adhabu. Baadaye nilielewa kwamba ndiyo sehemu ya kazi ambayo video hazikunifundisha. Miguu ilipomshinda alirudi kwao Mombasa akaniachia meza, na nikaisimamia hadi mwezi uliopita. Katika miaka hiyo mashine za leza zilifika mjini. Zinakata safi kuliko nilivyowahi kukata, na kijana anayeanza leo asijisumbue kushindana nazo. Ajisumbue kufika mahali penyewe: Dagoretti sokoni saa ya kupakua mizigo, Mutuini baada ya mvua, kituo cha mabasi watu wakitoka kazini. Asimame pembeni, atazame mahali watu wanapopumzisha mikono.

Nimeulizwa kama wasiwasi wangu uliisha. Haukuisha. Hata ukurasa huu nimeuandika upya mara ambazo naona haya kuzitaja, na bado naona kasoro. Mambo mengine ya tabia yangu yako vilevile pia: napenda kusifiwa, naogopa kuchekwa.

Kilichobadilika ni kwamba tangu siku ile, kila nilipoharibu kazi ya mtu, nilimfuata mwenye kazi siku hiyohiyo, kabla hajaiona, nikamwambia ni mimi.