Mshale wa Mafuta wa Gari la Baba

Baba yangu hakuwahi kusema kwamba gari lina mafuta. Alisema amekunywa. Yakikaribia kuisha, alisema ana kiu. Lile stesheni wagoni la Kifaransa alilinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihama Kajiado, mimi nikiwa sijaanza shule, na tangu siku hiyo likaingia kundini pamoja na mifugo mingine. Lilibeba ndama, mitungi ya maziwa, kwaya ya kanisa, na wakati mmoja beberu aliyetafuna mkanda wa kiti mpaka ukabaki nyuzi. Harufu yake naijua hadi leo: ngozi, petroli, na maziwa yaliyomwagika zamani yakakataa kutoka. Nikiisikia mahali popote natamani kurudi kukaa kule nyuma, miguu haijafika chini, baba akiimba na mama akimwambia aangalie barabara.

Kaka zangu walikuwa malishoni, kwa hivyo gari lilipougua, tochi nilishika mimi. Baba hakuwa fundi. Alikuwa mbishi tu, hakubali kushindwa na waya, na ubishi wake ndio ulionifundisha. Siku hizi nafanya kazi ya ofisini na naishi Kitengela, lakini Jumamosi ukinikosa nitafute chini ya dashibodi ya gari la mtu. Majirani walishachoka kushangaa.

Basi miaka michache iliyopita gari liliwazimikia baba na mama kati ya Isinya na Kajiado, tangi kavu kabisa. Walikuwa wakipeleka maziwa harusini. Walikaa juani mpaka mpita njia mmoja akawaletea petroli kwa jerikeni, na maziwa yakawa yameshaganda. Mama hakusema kitu, na mama asiposema kitu ujue mambo ni mabaya. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyesema. Aliandika kwenye kikundi cha familia kwenye simu kwamba mzee amezeeka, barabara ya Namanga imejaa malori, na ufunguo uchukuliwe. Wengine wakaitikia kwa vidole gumba. Niliudhika sana. Kumnyang'anya baba ufunguo ule ilikuwa kumwambia akae nyumbani angoje kubebwa, na mtu yule hajazoea kubebwa.

Baba akanipigia simu. "Mimi sina shida," akasema. "Ni huyo mshale wa mafuta amekufa. Analala tu hapo chini. Sasa mimi ningejuaje huyu ana kiu? Wewe tengeneza, alafu uambie hao ndugu zako wawachane na ufunguo yangu."

Nikampigia kaka, tukabishana, tukaelewana. Geji ya mafuta ikipona, baba aendelee kuendesha. Isipopona, ufunguo utoke. Maisha ya baba yangu yakaning'inia kwenye kijiti chekundu kisichofika urefu wa kidole.

Alikuja Kitengela Jumamosi asubuhi, akiendesha mwenyewe, kofia kichwani. Niliinamisha kichwa akanigusa utosini, jinsi tunavyowasalimia wazee wetu, ingawa nami nina mvi zangu. Nikampa kiti cha plastiki na kikombe cha chai, akakaa kunisimamia.

Nilianza kwa ujinga wa mtu anayejiona fundi, nikafungua dashibodi yote. Skrubu zikajaa bakuli. Nyuma ya geji nikakuta kibanio cha nywele cha mama, karatasi za peremende, na kadi ya Sunday school yenye picha ya kondoo, yangu mwenyewe, niliyolia siku nzima nilipoipoteza. Niliviangalia vitu hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyoziangalia nyaya. Baba akaniuliza kama nimelala huko ndani.

Geji yenyewe haikuwa na kosa. Nikaenda nyuma kwenye buti, nikainua zulia, nikafungua kifuniko cha tangi. Mle ndani kuna boya linaloelea juu ya mafuta. Likipanda au likishuka, waya hupeleka habari mbele kwa mshale. Boya lilikuwa zima. Lakini waya mwingine, ule mfupi unaofungwa kwenye bati la gari, ulikuwa umeliwa na kutu pale kwenye skrubu. Kazi yenyewe ilikuwa ya msasa tu. Nikasugua mpaka bati likang'aa, nikafunga upya, nikarudishia dashibodi, nikawasha swichi. Mshale ukatetemeka, ukainuka polepole mpaka robo, ukatulia. Nikapiga kelele kama mtu aliyefunga bao.

"Kwani ulikuwa umekufa kweli?" baba akauliza kutoka kitini.

"Ulikuwa umekufa kabisa, Papa. Kutu."

"Kweli kabisa? Si unanidanganya?"

"Nikudanganye ndio nini?"

Akavua kofia. "Ashe, Enkai," akasema, kisha akaendelea kumshukuru Mungu kwa Kimaasai, taratibu, kama anavyoomba kabla ya chakula tukiwa na wageni. Nilikuwa sijaona mtu akishukuru kwa sababu ya kutu. Nikamcheka, naye akacheka, na nikafikiri ni furaha ya kurudishiwa ufunguo.

Tukajaza tangi kwenye kituo cha mafuta. "Ameshiba," baba akasema, akilipiga gari kofi mgongoni. Mshale ukapanda mpaka juu kabisa. Nikaamua kumsindikiza hadi nyumbani ng'ambo ya Kajiado, nipate kuona jinsi utakavyoshuka njiani, na kusema kweli nilitaka tu kukaa ndani ya gari lile. Baba aliendesha, mkono mmoja dirishani. Aliimba zile nyimbo za kanisa za zamani, zile zile, akikosea mahali pale pale. Kila tuta alilolijua alilipunguzia mwendo mapema, na magorofa mapya ya Kitengela yalipoisha tukatokea uwandani, nikawa mtoto tena. Nilijisikia vizuri mno. Nikatoa simu nikamwandikia kaka: geji imepona. Kabla sijautuma ujumbe tulikuwa tunapita Isinya.

Hapo palikuwa na tuta jipya, limepakwa mistari myeupe, limekaa wazi katikati ya barabara. Baba hakupunguza mwendo hata kidogo. Kichwa changu kiligonga dari.

"Wamemwaga mawe hapa?" akauliza.

Nikamtazama. Alikuwa anaangalia mbele, uso umetulia, macho wazi.

"Papa, mshale uko wapi saa hii?"

Hakushusha macho. "Iko sawa. Nusu hivi."

Ulikuwa bado juu kabisa. Hapo nikaelewa. Simu ilikuwa mkononi, na ujumbe ule haukuwa na uongo wowote ndani yake. Ningebonyeza tu, baba angebaki na ufunguo wake, na kaka asingekuwa na la kusema. Nilitamani kubonyeza. Nilimpenda baba vile alivyokuwa amekaa pale, bwana wa gari lake. Lakini kandokando ya lami wanawake walikuwa wakitembea na mitungi ya maji, wakituamini.

"Papa," nikasema, "geji imepona. Ni wewe huioni."

Alienda mbele kidogo, kisha akatoka barabarani taratibu na kuzima injini. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Tangu ile mvua ya mwaka jana naona ukungu," akasema. "Naangalia huyo mshale, sioni akitembea. Nikasema labda ni yeye. Nikaomba Mungu iwe ni yeye." Akapangusa usukani kwa kiganja, juu, kisha pembeni. "Uliponiambia amekufa kweli, nilifurahi sana. Nikajua macho yangu iko sawa. Nikakaa hapo mbele nikamwangalia tena. Bado simwoni."

Nikalia. Akanikataza, akasema hakuna mtu amekufa hapa. Malori yakapita yakilitikisa gari. Halafu akafungua mlango, akashuka, akalizunguka gari huku akipapasa boneti kwa mkono, mpaka akafika mlangoni kwangu.

"Sogea," akasema. "Ufunguo nimeacha hapo."